Gari la Spoti la Kujiundia: Fremu Ndiyo Uamuzi wa Kwanza

Lotus ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji wa magari ya Formula One mara 7, lakini fremu za magari yake ya mwanzo hazikuchomelewa na Lotus. Colin Chapman alipoanza kuuza Lotus Mark VI mwaka 1952, akifanya kazi kwenye banda la zamani la farasi nyuma ya baa iliyosimamiwa na baba yake huko Hornsey, kaskazini mwa London, fremu alizichukua kwa Progress Chassis Company, karakana ya watu aliofahamiana nao. Bodi za alumini zilikunjwa na Williams & Pritchard. Chapman alichora, akapiga hesabu, akaendesha na kushindana. Kuchomelea aliwaachia wachomeleaji.

Naanza na habari hii kwa sababu miongoni mwa wanaojiundia magari, hasa Uingereza ambako utamaduni huu una mizizi mirefu, ipo dhana kwamba asiyechomelea fremu yake mwenyewe hajaunda gari. Dhana hiyo imewagharimu watu wengi muda na fedha. Mtu ananunua mashine ya kuchomelea, anakata mabomba, anafika nusu, fremu inapinda, anaiegesha ukutani na mambo yanaishia hapo. Kwa mtu wa kawaida mwenye kazi, familia na wikiendi mbili tatu kwa mwezi, naona fremu ya kununua ndiyo njia ya busara. Ila kununua nako kuna elimu yake. Fremu ndiyo inayoamua ni difu gani itaingia, miguu yako itakaa wapi, magurudumu yatasimama kwa pembe gani, na mkaguzi wa serikali atasema nini siku ya mwisho. Injini mbovu utaitoa na kuweka nyingine Jumamosi moja. Fremu ikiwa mbovu, umerudi mwanzo kabisa.

Gari linalozungumzwa zaidi katika mambo haya ni la familia ya Lotus Seven, iliyotoka mwaka 1957: viti viwili, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, matairi ya mbele yako nje ya bodi, na uzito ni karibu nusu tani. Wakati huo gari kamili Uingereza lilitozwa kodi ya manunuzi, ilhali aliyenunua vipande na kujiundia mwenyewe aliepuka mzigo huo. Lotus ikauza Seven kwa vipande, na vijana waliokuwa na spana lakini hawana fedha nyingi wakapata gari la mashindano. Mwaka 1973 kodi ile ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka huohuo haki za Seven zikaenda kwa Graham Nearn wa kampuni ya Caterham, aliyekuwa wakala wa kuuza magari hayo. Caterham ingali inatengeneza magari ya umbo hilo hadi leo, na fremu zake kwa miaka mingi zilichomelewa na kampuni nyingine, Arch Motors.

Kisha mwaka 1996 kikaja kitabu kilichobadilisha kila kitu. Ron Champion, mwalimu wa ufundi katika shule ya Oundle, alichapisha kupitia Haynes mwongozo wa kujiundia gari la spoti kwa gharama inayoweza kushuka hadi pauni 250. Magari yaliyozaliwa na kitabu hicho yakaitwa Locost, na klabu ya 750 Motor Club ikayaanzishia mashindano yake. Siri za bei ile zilikuwa mbili: fremu ya mabomba ya mraba ya milimita 25 kwa 25, na Ford Escort kuukuu la kuchinjwa, yaani kuvuliwa vipuri. Mabomba hayo ni ya jamii ileile ambayo mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi, huchomelea mageti na grili za madirisha. Escort nalo wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua vizuri, maana ndilo lililompa Hannu Mikkola na msomaji ramani wake Gunnar Palm ushindi wa mashindano ya Safari mwaka 1972, mara ya kwanza kwa dereva wa kutoka ng'ambo kushinda, na Björn Waldegård akashinda nalo tena mwaka 1977.

Kitabu kilifungua mlango, lakini michoro yake ilikuwa na vipimo kadhaa vyenye makosa ambavyo wasomaji waliviona walipokwisha kukata chuma. Tena kuna tatizo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulimaliza: joto. Kila unapochomelea upande mmoja wa kiungo, chuma kinapopoa kinavuta kuelekea upande huo. Ukimaliza viungo vyote vya upande wa kulia ndipo uhamie kushoto, fremu itakuwa imejikunja hata kama ulianza kwenye meza iliyonyooka kabisa. Mafundi wa kazi hii huvibana vipande vyote ndani ya jigi ya chuma kizito, wanagusisha kila kiungo kwa nukta, kisha wanachomelea kwa kurukaruka kutoka kona hadi kona ili mvutano usawazike. Jigi hiyo ndiyo hasa unayoilipia unaponunua fremu tayari, kwa sababu inahakikisha mabano ya mbele kulia na ya mbele kushoto yako sawasawa, na kwamba fremu ya leo na ya mwakani zitakubali vipuri vilevile.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Swali la kwanza halihusu ubora wa kuchomelea. Linahusu gari litakalochinjwa. Fremu inapotoka kwa fundi tayari ina mabano ya injini, giaboksi, difu na amu za magurudumu, na kila bano limewekwa kwa ajili ya vipuri vya gari fulani. Anayenunua fremu kwanza halafu akaanza kutafuta vipuri hugundua kwamba amejifunga kwa gari ambalo halipatikani tena.

Escort ndilo mfano wa wazi. Toleo lake la pili liliacha kutengenezwa mwaka 1980. Ekseli yake ya nyuma ni ya kipande kimoja, difu na shafti ndani ya mfuko mmoja, nyepesi, rahisi kufunga, na fremu yake inahitaji mabano machache tu. Kwa uhandisi ni chaguo zuri. Lakini magari hayo sasa yanatafutwa na wanaoshindana katika rali za magari ya zamani, na bei ya ekseli nzuri imepanda hadi haina uhusiano wowote na zile pauni 250. Ukikuta fremu ya Escort inauzwa rahisi sana, huenda hiyo ndiyo sababu. Ichukue tu kama ekseli tayari unayo.

Baada ya Escort ikaja Ford Sierra, iliyotengenezwa kuanzia 1982 hadi 1993, na baadaye Haynes ikatoa kitabu kingine, cha Chris Gibbs, kilichoegemea vipuri vyake. Sierra ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, raha yake ikaonekana kwenye barabara mbovu. Tatizo lake liko mbele. Kwenye Sierra springi na shokapu husimama juu ya kiungo cha gurudumu kama nguzo moja ndefu, na nguzo hiyo haiwezi kuingia chini ya boneti fupi ya gari la aina ya Seven. Mafundi wakabuni kipande cha chuma chenye kichwa kipana na mguu mfupi, kinachochomekwa kwenye tundu la nguzo ile ili kushika boli jointi ya amu ya juu. Kipande hicho kidogo ndicho kinachobeba kona nzima ya gari wakati wa kufunga breki. Ukinunua fremu ya Sierra, uliza nani alikichonga na kwa chuma gani. Muuzaji asiyejua jibu usimpe fedha.

Leo chaguo la wengi, na langu pia, ni Mazda MX-5. Lilitoka mwaka 1989 na tangu siku ya kwanza lina amu mbili, ya juu na ya chini, kwenye kila gurudumu. Maana yake kiungo cha gurudumu tayari kina boli jointi mahali fremu ya Seven inapozitaka. Injini imelala kwa urefu wa gari, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kizazi cha kwanza, kilichoendelea hadi 1997, kimeoza vizingiti kiasi kwamba bodi hutupwa huku injini, giaboksi na difu bado vikiwa vizima. Hilo ndilo gari la kuchinjwa linalofaa: lililokufa bodi tu.

Ila MX-5 lina jambo moja ambalo mnunuzi wa fremu asipoliuliza litamsumbua. Kutoka giaboksi hadi difu kuna mhimili mrefu wa alumini unaoviunganisha viwili hivyo kuwa kitu kimoja, ili gari lisitikisike unapokanyaga mafuta. Difu la MX-5 halikusanifiwa kusimama peke yake. Fremu nyingine zimepanuliwa katikati ili mhimili ule ubaki, na njia ya katikati ikawa nene, ikakula nafasi ya miguu. Nyingine zinauondoa, na hapo lazima kuwe na mabano mapya imara ya giaboksi na ya difu, yenye mpira wa kupunguza mtetemo. Zote mbili zinafanya kazi. Kinachoumiza ni kununua ya pili ukidhani ni ya kwanza. Kuna hata waliokwepa suala hilo kabisa. Exocet, iliyobuniwa Uingereza na Stuart Mills wa MEV, ni fremu ya mabomba inayoshuka juu ya mfumo mzima wa MX-5, na fremu ndogo za mbele na nyuma pamoja na ule mhimili, bila kufungua karibu chochote. Gari linalotokea halifanani na Seven, na kwa jicho langu si zuri sana, lakini kwa mtu anayejiundia gari kwa mara ya kwanza ni wazo la kuheshimika.

Ukishalijua gari la kuchinjwa, kaa ndani. Nasema kaa ndani ya fremu yenyewe, juu ya ubao kama kiti hakijafungwa, ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea. Seven ya asili ilikuwa nyembamba. Caterham yenyewe ililazimika kuleta fremu ya SV yenye upana ulioongezwa milimita 110, na miongoni mwa waundaji wa Locost mchoro wa Jim McSorley unaoitwa 442 ulipendwa kwa sababu uliongeza inchi 4 za upana, inchi 4 za urefu na inchi 2 za kimo. Angalia sehemu ya pedali: mguu unaokanyaga breki usiguse mafuta, na mguu wa klachi upate pa kupumzika. Angalia goti la kulia linapoinuka kwenda breki. Likigonga usukani, utagonga kila siku. Angalia pia mgongo wako na bomba la nyuma ya kiti. Mtu mrefu akilazimishwa kwenye fremu fupi hujikuta kichwa kimepita juu ya roli baa, ule upinde wa kumlinda gari likipinduka, na hapo roli baa haina kazi.

Lakini fremu kubwa ina gharama ambayo muuzaji mara nyingi haisemi. Pua ya faibagilasi, boneti, kioo cha mbele na madigadi ya nyuma vinavyouzwa kwa wingi ni vya kipimo cha kawaida. Ukichukua fremu iliyopanuliwa inchi 4, hakikisha fundi huyohuyo anauza bodi ya kipimo hicho. La sivyo utakata faibagilasi katikati na kuiunga, kazi inayoonekana hata kwa mtu asiyejua magari.

Tuingie karakana. Fremu iko juu ya magogo mawili, haina rangi, imepakwa mafuta tu kuzuia kutu. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa unapoikagua. Fremu iliyopakwa rangi ya poda inapendeza, lakini inaficha kila kitu unachotakiwa kuona, tena utaitoboa na kuikwaruza wakati wa kufunga vipuri. Mjenzi makini hufunga gari zima kwanza, kila bolti na kila bano, kisha analifungua tena lote na kupeleka fremu kupakwa rangi ikiwa imetobolewa kila inapotakiwa.

Toa futi. Pima kutoka tundu la bano la mbele kulia hadi tundu la bano la nyuma kushoto, kisha upande wa pili kwa mkingamo huohuo. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 2 au 3, fremu imepinda, na usikubali maneno ya kwamba amu zinaweza kurekebishwa. Ni kweli zinaweza, lakini marekebisho hayo yalikusudiwa kupanga magurudumu, na ukiyatumia kuficha kosa la fremu utakuwa huna nafasi iliyobaki. Kisha chukua bolti mpya ya kipimo sahihi na uipitishe kwenye bano, masikio yote mawili, kwa vidole. Ikiingia bila nyundo, mwenye fremu anatumia jigi na anajali. Ikikwama, fikiria utakavyoipigilia ukiwa umelala chini ya gari, na bushi ndani yake imebanwa kwa pembe isiyo yake.

Halafu angalia welding. Mstari mzuri una upana sawa, umelowea pande zote mbili, na pembeni hauna mfereji ulioliwa na joto. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni welding iliyosagwa ikawa laini. Kwenye mlango wa nyumba ni umaridadi. Kwenye kiungo cha fremu ya gari umeondoa chuma kilichokuwa kinabeba, na pengine mtu alikuwa anaficha kitu. Ingiza mkono chini, kwenye pembe ambazo mnunuzi haangalii, mahali mabomba manne yanakutana karibu na bano la difu. Fundi mvivu huacha pande za chini bila kuzichomelea kwa sababu hazionekani. Kidole chako kitaliona pengo hilo kabla ya jicho.

Kisha tafuta pembetatu. Mabomba manne yaliyounganishwa kwa mraba husukumika kama kitanda kilicholegea viungo. Ukitia bomba la mshazari, hayasogei. Fremu ya aina ya Seven ina matundu mawili makubwa yasiyoweza kuzibwa: mahali pa kukaa watu, na juu ya injini. Fundi mzuri hufidia tundu la kwanza kwa njia ya katikati iliyosukwa kwa mishazari kila upande, na la pili kwa bomba la mshazari linalofungwa kwa bolti juu ya injini, litolewe injini inaposhuka na kurudishwa baadaye. Sakafu ya chuma iliyochomelewa, au ya alumini iliyogundishwa na kupigwa ribiti kwa karibu, huongeza ugumu mwingi. Ukiona sakafu imeshikwa na ribiti chache za mbali mbali, ujue inazuia maji tu.

Watu wengi hudhani bomba nene ndilo jibu. Bomba la 25 kwa 25 lenye unene wa milimita 1.6 lina uzito wa karibu kilo 1.18 kwa mita. La milimita 2 lina kilo 1.44. Kwa kila mita 10 umeongeza kilo 2.6 hivi, na ugumu ulioupata ni mdogo kuliko ambao mshazari mmoja uliowekwa mahali pake ungekupa. Muuzaji anayejisifu kwa unene wa bomba badala ya kukuonyesha mishazari anauza uzito. Gari la aina hii linapendwa kwa sababu ni jepesi, na kila kilo unayoiweka kwenye fremu utaibeba kwenye kila kona utakayopita.

Jambo jingine dogo linaloharibu magari mengi ni raki ya usukani. Bano la raki likiwa juu au chini kuliko inavyotakiwa, tairodi na amu huchora mapinde tofauti gurudumu linapopanda na kushuka, na gari linajigeuza lenyewe kila likikanyaga tuta, dereva akiwa ameshika usukani umenyooka. Uliza bano limewekwa kwa raki ya gari gani, na uinunue hiyohiyo. Raki ya urefu mwingine, hata ikifunga vizuri kwa bolti, haifai.

Kwa anayejenga Uingereza, fremu pia ni suala la sheria. Tangu mwaka 2009 gari la kujiundia hupitia ukaguzi unaoitwa IVA, uliochukua nafasi ya SVA. Mkaguzi ana tufe la kipenyo cha milimita 100. Popote linapogusa nje ya gari ukingo unatakiwa uwe na mviringo wa angalau milimita 2.5. Kwa kuwa matairi ya mbele ya Seven yako nje, mabano ya amu nayo yako nje, na mabano yaliyokatwa kwa kingo kali yatakurudisha nyumbani. Fremu nzuri huja na kingo hizo zimekwisha kuviringishwa. Mikanda ya usalama inahitaji nati zenye uzi wa inchi 7/16 zilizochomelewa kwenye bamba nene ndani ya muundo wa fremu. Ukiziona zimechomelewa kwenye bomba jembamba peke yake, ondoka. Huo ndio mkanda utakaomshika mwanao akiwa kiti cha pembeni.

Upo na upande wa karatasi. Namba mpya ya usajili ya mwaka husika hutolewa kwa gari lenye vipuri vipya, likiruhusiwa kuwa na kimoja tu kilichokarabatiwa. Namba ya umri wa gari lililochinjwa hutolewa ukithibitisha vipuri vikuu viwili vya asili kutoka gari moja. Umri usipoweza kuthibitishwa, gari hupewa namba inayoanza na herufi Q, na bei yake ya kuuza huteremka. Kwa hiyo stakabadhi ya fremu, yenye namba ya fremu, jina la mtengenezaji na tarehe, itunze pamoja na picha za kila hatua, kwa sababu utatakiwa kuonyesha kwamba gari umelijenga wewe mwenyewe.

Magari mengine yana fremu za hesabu nyingine. Cobra, aliyoizaa Carroll Shelby mwaka 1962 kwa kuweka injini ya V8 kwenye gari la AC Ace, ilisimama juu ya fremu ya ngazi, mabomba mawili makubwa ya duara ya inchi 3 yaliyounganishwa kwa mengine ya kukatiza, na mwaka 1965 yakanenepeshwa hadi inchi 4 kwa sababu injini ilikuwa imezidi nguvu. Factory Five, kampuni ya Massachusetts iliyoanza mwaka 1995, iliwafungulia Wamarekani mlango kwa kuuza fremu ya Cobra inayomeza vipuri vya Ford Mustang. Huko fremu ni nzito na bei ni nyingine kabisa, lakini maswali ya mnunuzi ni yaleyale.

Lipo pia soko la miradi iliyoachwa njiani, fremu ambayo mtu aliinunua, akaoa au akahama, akaiacha bandani. Bei yake huvutia sana. Inunue ikiwa imehifadhiwa ndani, ina stakabadhi, na vipimo vyake vinakubaliana. Ikiwa imelala nje miaka miwili bila rangi, kutu iliyo ndani ya bomba huioni, na bomba la milimita 1.6 halina chuma cha kupoteza. Gonga mabomba ya chini kwa bisibisi, hasa karibu na miguu ya abiria na chini ya difu. Sauti ikibadilika kutoka mlio mkali kuwa mzito, acha.

Nikiulizwa leo ningechukua ipi, jibu langu liko tayari. Ningechukua fremu ya MX-5 iliyopanuliwa, ya bomba la milimita 1.6, isiyo na rangi, yenye sakafu ya chuma iliyochomelewa. Amu zake zote ningeziagiza siku hiyohiyo kwa fundi huyohuyo, kwa sababu amu za fundi mwingine hata zikifanana kwa macho hazikutoka kwenye jigi moja na fremu yako. Fedha ambayo wengi huitupa kwenye injini kubwa ningeipeleka kwenye breki, bushi na matairi. Na nisingelipa hata senti kabla ya kwenda mwenyewe karakana na futi yangu, bolti moja na viatu vyangu vya kuendeshea. Nawe fanya hivyo hivyo, na muuzaji akikukatalia kukaa ndani ya fremu yake, mtafute mwingine.